Nilimtukana Mwanangu Kila Asubuhi

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana: mimi ni Mukashema, mjane wa Ihembe, Karagwe, elimu yangu darasa la saba, mama wa mtoto mmoja anayechosha kama watoto sita. Jina lake Mutabazi, ana miaka ishirini na minne. Huyu ndiye aliyetupa kengele ya shule chooni akiwa darasa la tano, kwa sababu ililia kabla hajamaliza kuchora. Ndiye aliyerusha spana juu ya bati la gereji pale Kayanga, na kazi akaiacha huko huko juu na spana yake. Na ndiye aliyeingia jikoni akasema, "Mama, nimepata mchumba. Anaitwa Tukahirwa, wa Kibingo kule Kyerwa, kwa wafugaji. Baada ya wiki sita tunakwenda kuposa."

Hapo ndipo nilipoangusha mwiko. Leo nauokota tuendelee.

Utaniuliza, mama gani anaogopa mwanawe kuoa? Basi hujawahi kukaa kwenye posa ya huku kwetu. Upande wa binti unakaa huku, upande wa kijana kule. Kila upande una msemaji wake. Kazi ya msemaji wa binti ni kuwachokoza. Atajifanya hajui mmefuata nini. Atasema mnanuka moshi. Atasema kijana wenu ana miguu ya korongo. Ni mchezo, wote wanajua ni mchezo. Ninyi mnacheka, mshenga wenu anajibu kwa utani, mwisho mnapewa binti.

Anayekasirika ameshindwa. Mnarudi kwenu na njaa yenu.

Sasa mchukue Mutabazi wangu, mkalishe kwenye kiti, halafu mlete mtu mwenye kipaji cha kutukana amtukane saa nzima mbele ya wakwe. Umeona nilichokiona?

Mwaka jana nilimpeleka hospitali. Daktari Benadeta alituuliza maswali mpaka nikadhani anataka kuandika kitabu. Siku ya tatu akaandika herufi nne kwenye karatasi: ADHD.

"Nisomee kwa Kiswahili, daktari," nikamwambia.

"Akili yake inashika mambo mengi kwa wakati mmoja, mama, na kutulia kwake ni kazi ngumu. Halafu hasira, furaha, huzuni, vyote vinamjia kwa nguvu na kwa haraka kuliko vinavyomjia mwingine. Si mapepo. Si ukorofi."

"Kwa hiyo ndiyo nimwache arushe spana?"

Akacheka. "Wewe unapika uji, si ndiyo? Maji yakitaka kuchemka yanakuimbia kwanza. Uji hauimbi. Umetulia tuli, ukigeuka kidogo umeshamwagika. Sasa uji ukipanda, unauchapa fimbo?"

"Nauepua."

"Basi na yeye ajifunze kujiepua mapema. Na anaweza."

Akamfundisha. Ajue mwili wake unavyomwonya, maana Mutabazi kabla hajalipuka masikio yanapata moto. Mkono uwe na cha kushika. Aombe kutoka kabla mambo hayajaharibika. Asilale njaa, asikeshe. Na akishaharibu, arudi atengeneze, asijifiche. Mimi nikaambiwa mawili tu: usimwaibishe, na usimchokoze kwa makusudi.

Halafu daktari akauliza, "Kwenye ukoo yuko mwingine wa namna hii? Mara nyingi hali hii inatembea kwenye damu."

"Marehemu baba yake," nikajibu haraka.

Wapendwa wasomaji, marehemu Hategekimana alikuwa mtu ambaye siafu wakimuuma anawaomba radhi. Nilimsingizia maiti. Mungu anisamehe, na yeye anisamehe, ingawa najua ameshanisamehe, ndivyo alivyokuwa.

Turudi kwenye wiki sita. Daktari alisema nisimchokoze. Nilimsikia vizuri. Lakini nikajiambia, daktari hajui posa. Mtu anayekwenda kupigwa na mvua si bora azoee kulowa?

Kwa hiyo kesho yake alfajiri, Mutabazi anatoka nje na mswaki mdomoni, nikamtokea nyuma ya jiko.

"We kijana! Hiyo shingo ulizaliwa nayo au uliazima kwa bata?"

Akapiga ndoo teke. Ndoo ikaenda mpaka kwenye migomba.

Siku ya pili: "Unatembea kama umevaa viatu vya watu wawili tofauti!" Mswaki ukaruka juu ya bati.

Siku ya tano bati letu lilikuwa na miswaki minne, na mimi nilikuwa bado na matusi ya kutosha mwezi mzima. Nisiwafiche, nilianza kuyafurahia. Nilikuwa nalala nimeshapanga la kesho.

Siku ya sita hakurusha kitu. Alisimama pale, masikio mekundu, akasema taratibu, "Mama. Ninapanda. Natoka kidogo." Akaenda mpaka kwenye kahawa, akakaa huko. Aliporudi alikuwa mtu mwingine.

"Mama, unanitukana bila kuniambia. Kila asubuhi naamka naogopa mlango wa nyumba yangu. Daktari alisema tupange pamoja."

"Nakusaidia."

"Unanisaidia kuzeeka."

Nilijisikia vibaya, nikakaa naye chini, tukapanga. Mfukoni ataweka punje za kahawa iliyokauka, vidole vipate kazi. Na masikio yakianza, ataomba ruhusa ya kutoka.

"Utasema nini? Kila mara unakwenda kukojoa? Watasema una kisonono."

Akafikiri. "Nitasema naomba nikawasalimie ng'ombe."

Tukacheka mpaka jirani yetu Gaudiosus akaja kuuliza kuna nini. Gaudiosus ndiye tuliyempa ushenga, mzee mpole, anajua Kiswahili cha kanisani. Tukamwomba amtukane Mutabazi kidogo kwa mazoezi.

Mzee akasimama, akamkazia macho kijana, akakohoa. "Wewe... wewe una... shati la bluu."

"Ongeza, mzee!"

"Na suruali."

Nikajua kazi itarudi kwangu. Lakini sasa ilikuwa kwa mpango. Ananiambia, "Leo nitukane, Mama, nimekula, nimelala." Au ananiambia, "Leo hapana." Na siku aliyosema hapana nilimeza tusi langu na chai.

Kosa langu kubwa bado sijawaambia. Mutabazi alitaka wazazi wa binti waelezwe mapema. Tukahirwa mwenyewe alishajua, Mutabazi alimwambia tangu siku ya pili ya kujuana kwao. Mimi nikakataa.

"Ukitaja hospitali kwa wale watu, umekwisha. Watasema kichaa."

"Mama, watajua tu."

"Wajue ukiwa na wajukuu wao sita!"

Akainuka, akaenda kwenye kahawa. Nikadhani nimeshinda. Wazazi mnaosoma hapa, mkishinda kwa namna ile, nanyi yatawapata yaliyonipata.

Siku ikafika. Noah ya kukodi, watu wanane na mkungu wa ndizi mapajani mwa Gaudiosus. Tukafika Kibingo, nyika imefunguka, ng'ombe wenye pembe ndefu wamesimama kama mabwana shauri. Mzee Nuwamanya, baba wa binti, akatupokea. Tukasalimiana, shikamoo na marahaba zikaisha, tukapewa maziwa, kila mtu chombo chake. Nilishaambiwa: kwa watu hawa maziwa hayakataliwi, na asije mtu akayamwaga.

Ndipo akasimama msemaji wao. Anaitwa Yustasi, mume wa shangazi wa binti. Mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Akatuangalia kama tumeletwa na mafuriko.

"Waitu, jamani, hawa ni nani? Ni wale waliokuja kuchimba choo?"

Upande wao wakacheka. Gaudiosus akainuka. "Mzee wangu, tumeona ua zuri kwenu, tunaomba kulichuma."

"Ua? Sisi tunafuga, hatulimi. Maua yetu huliwa na ng'ombe. Na huyu mrefu ni nani, mmekuja na nguzo ya umeme?"

Nikamtazama Mutabazi. Mkono mfukoni. Anatabasamu.

"Watu wa Ihembe!" Yustasi akaendelea. "Asubuhi ndizi, mchana ndizi, jioni ndizi. Nasikia hata wakilia, machozi yao unaweza kukaangia ndizi!"

Mutabazi akainuka polepole. "Baba zangu, naomba ruhusa nikawasalimie ng'ombe."

Mzee Nuwamanya akakunja uso, halafu ukakunjuka.

"Nenda, mwanangu. Nenda."

Akakaa huko zizini kidogo, akarudi. Yustasi akampokea na mapya. "Huyu tunasikia shuleni aliitupa kengele chooni! Binti yetu akilia njaa si naye atatupwa huko?"

Sijui walilipata wapi lile. Nikashika kiti. Mutabazi akacheka kweli kweli, akasema, "Mzee, ile kengele mpaka leo naota inanidai," watu wakacheka naye. Baada ya muda akaomba tena kusalimia ng'ombe. Na tena.

Mara ya tatu Mzee Nuwamanya akamwinamia mdogo wake, akanong'ona kwa sauti ya watu wanaochunga, yaani wote tulisikia: "Nimeozesha mabinti wanne. Mkwe gani aliwahi kunisalimia mimi mara moja na ng'ombe wangu mara tatu? Huyu anawapenda!"

Nilitaka kucheka, nikauma khanga.

Mutabazi alipoketi kwa mara ya nne, Yustasi alikuwa ametoa jasho. Mtu ametukana posa za vijiji vyote, hajawahi kukutana na kijana anayekwenda kwa ng'ombe na kurudi mzima. Upande wao wameanza kumcheka yeye. Basi akatafuta pa kuingilia. Akaniona mimi.

"Nimeelewa sasa," akasema. "Huyu kijana kila dakika anatoka, hatulii, tangu shule alikuwa hivyo. Hana ugonjwa wowote. Ana mama mlegevu tu. Angechapwa fimbo mbili nzuri akiwa mdogo, leo tungekuwa tumeshakula."

Ilikuwa mchezo. Najua ilikuwa mchezo. Leo nikiandika najua.

Lakini maneno yale nimeyasikia kwa mwalimu mkuu. Nimeyasikia kwa katekista. Nimeyasikia kwa dada za marehemu mume wangu siku ya mazishi, jeneza halijatoka. Miaka ishirini na minne, fimbo mbili, fimbo mbili. Na fimbo nilimchapa, jamani. Si mbili. Nilimchapa mpaka mkono wangu ukauma na yeye akawa ananiuliza, "Mama, nimefanya nini?" kwa sababu alikuwa ameshasahau.

Nikasikia masikio yangu yana moto.

"We Yustasi!" Nimesimama. Sikumbuki kusimama. "Fimbo mbili? Njoo nikuchape mimi hizo mbili, tuone kama utatulia! Shati umepiga pasi, kichwa umesahau!"

Mwanamke wa upande wa kijana haongei pale. Gaudiosus akavuta khanga yangu. Nikavuta khanga yangu. Mkono mwingine ulikuwa na chombo cha maziwa, na mkono ule ulikuwa umeshaamua.

Maziwa yakamwingia Yustasi kuanzia paji la uso mpaka mkanda.

Bibi mmoja mzee akafunika mdomo kwa viganja viwili, akiangalia yale maziwa yanavyoingia ardhini kana kwamba ni mtoto kaanguka. Yustasi alikuwa amesimama wima, yanamdondoka kwenye nyusi.

Nikamtazama mwanangu nikitegemea kiti kitaruka.

Mutabazi akainuka. "Baba zangu," akasema, "naomba ruhusa. Mama yangu na mimi tukawasalimie ng'ombe."

Akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, akanitoa.

Nje kwenye zizi nilianza kulia. "Nimekuvunjia posa. Mwanangu, nimekuvunjia..." Nikataka kumshika bega.

"Usiniguse kwanza, Mama." Alifumba macho. "Ninapanda sana. Nampenda yule msichana, Mama. Nampenda sana na wewe ume... Ngoja. Usiseme kitu."

Akatembea mpaka mwisho wa zizi. Akasimama, ameweka paji la uso kwenye nguzo. Nikamwona anapumua. Alipotoa mkono mfukoni, ile kahawa ilikuwa unga. Akarudi, akakaa juu ya jiwe karibu nami.

"Masikio yalikuonya?"

"Yalinionya."

"Ukafanyaje?"

"Nikayapuuza."

Akaguna. "Karibu kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Mama, daktari alikuuliza nani mwingine kwenye ukoo. Nilikuwepo. Ukamtaja Baba." Akanitazama. "Baba, Mama! Yule ambaye jogoo alimfukuza nyumbani kwake!"

Nilitaka kukasirika, kicheko kikanishinda, nikacheka na machozi, naye akacheka, na ng'ombe mmoja akatugeuzia makalio.

"Sasa turudi," akasema. "Ukishamwaga, unarudi unafuta. Na tunawaambia ukweli wote."

"Wote?"

"Wote. Kuficha kwako ndiko kumetufikisha hapa."

Tukarudi. Niliomba radhi nimepiga magoti, kwa Yustasi, kwa Mzee Nuwamanya, hata kwa yule bibi aliyefunika mdomo. Mutabazi akasimama, akawaeleza herufi zile nne, hospitali, masikio, kahawa ya mfukoni. Akawaeleza na kwa nini alikuwa anawasalimia ng'ombe.

Hapo uso wa Mzee Nuwamanya ukabadilika. "Kwa hiyo hukuwa unawapenda?"

"Nilikwenda kwa sababu ya hasira, baba. Ila yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda tumezoeana."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Mzee akawa anachora chini kwa fimbo yake. Mimi nilikuwa nahesabu viatu vya watu.

"Kijana tumemwona," akasema mwishoni. "Ametukanwa tangu saa nne na hakumvunjia mtu heshima. Mimi mwenyewe nisingeweza. Sina neno naye." Akanigeukia. "Tatizo langu ni jingine. Binti yangu akiolewa, atakaa ua mmoja na nani?"

Gaudiosus akajibu kwa upole, "Na mama mkwe, mzee."

"Na huyu."

"Na... ndiyo, mzee. Na huyu."

"Basi kijana sijamkataa na sijamkubali. Mama atabaki hapa kwangu siku nane. Atakaa na wanawake wa nyumba hii, apike nao, akamue nao. Siku ya nane nitawauliza wanawake. Wakisema huyu mama anakalika, binti mnaye. Wakisema hakaliki, Tukahirwa haolewi Ihembe, na neno hilo halitarudiwa."

"Mzee," Gaudiosus akajaribu, "tangu lini mama mkwe anaposwa?"

"Tangu leo."

Nyuma ya pazia la chumba cha ndani nikasikia mtu anavuta kamasi. Nikajua ni Tukahirwa, na kwamba amesikia kila kitu.

Noah ikawashwa. Wenzangu wakapanda bila kuniangalia. Mutabazi akachuchumaa mbele yangu, punje tatu za kahawa zilizobaki akaniwekea kiganjani.

"Ukisikia masikio yana moto, sema. Toka. Usisubiri. Mama, siku nane tu. Utaweza?"

Kabla sijajibu, akatoka ndani mwanamke mnene, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu. Kyomukama, shangazi wa binti. Mke wa Yustasi. Mkononi ana shati jeupe linalonuka maziwa. Akalining'iniza mbele ya pua yangu.

"Shati hili mume wangu alilivaa siku aliyokuja kuniposa mimi," akasema, na wanawake wote wa nyumba ile wakatoka mlangoni kutazama. "Mama yake alikuja naye. Alikaa kimya tangu mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa na adabu. Inaonekana adabu haioti kwenye migomba."

Akalitupa mapajani mwangu.

"Fua. Na ukimaliza, nitakufundisha wanawake wenye akili wanavyolea mtoto wa kiume."

Dereva akapiga honi. Mutabazi mguu mmoja umo ndani ya gari, mmoja uko chini, ananitazama.

Nikalishika shati. Nikasimama. Nikafungua mdomo. Kilichotoka, mtakisoma wiki ijayo.